Somnath si habari ya kubomolewa tu

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu enzi za kukaa dukani na marehemu baba, na muda wote huo sikuwahi kukuandikia. Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu Somnath, hekalu la Kihindu huko India, ile iliyojaza ukurasa wa kati, imenishinda kunyamazia. Kuanzia juu hadi chini ni panga na moto. Mahmud, sultani wa Ghazni, mji wa Afghanistan ya leo, alifika mwanzoni mwa 1026, akavunja, akapora, akaondoka. Kisha mwandishi wako anaruka hadi 1951, hekalu la sasa lilipofunguliwa na Rais Rajendra Prasad. Hapo katikati watu walikuwa wapi? Na huyo Mahmud aliwakuta wakifanya nini?

Nikueleze kilichotokea baada ya gazeti kutoka. Mwalimu mmoja alilipeleka darasani, darasa la mjukuu wangu. Kwa kuwa ndiye mtoto pekee wa Kihindu pale, alisimamishwa mbele ya wenzake aeleze kwa nini wazee wake walikubali kufa kwa ajili ya jiwe. Hakuwa na la kusema. Walipotoka, rafiki yake wanayekaa dawati moja, mtoto ambaye kila Idi hatuachi kula kwao, akamuuliza kama ni kweli wao wawili ni maadui tangu zamani. Mjukuu wangu aliniletea mimi swali hilo, na mimi nakuletea wewe, kwa sababu limetoka kwenye karatasi yako.

Ungewaeleza wasomaji hilo jiwe ni nini. Sisi tunaamini Mwezi aliwaoa mabinti 27 wa Daksha, akampenda mmoja tu, Rohini, akawatupa wengine. Baba mkwe akamlaani anyauke. Mwezi akaenda Prabhas, ufukweni pale Gujarat, akamlilia mungu Shiva, na laana ikapunguzwa: nusu ya mwezi anafifia, nusu anajaa. Ndiyo maana Shiva wa pale anaitwa Bwana wa Mwezi, na linga yake, yaani jiwe tunalomwabudia, huhesabiwa ya kwanza kati ya jyotirlinga 12, yaani linga za nuru. Jirani tu, mahali paitwapo Bhalka, ndipo tunapoamini mungu wetu Krishna alipigwa mshale na mwindaji akaiaga dunia. Mtu wa pwani ajuaye bamvua hahitaji kufundishwa kwa nini watu wa bahari walimheshimu Bwana wa Mwezi. Al-Biruni, mwanachuoni wa Kiislamu wa zama zile zile za Mahmud, aliandika kwamba watu wa pale waliona maji yakijaa na kupwa wakasema Mwezi anamwosha Bwana wake. Aliandika pia kwamba Somnath ilipata sifa kwa kuwa ilikuwa bandari ya wasafiri waliokwenda na kurudi kati ya Sofala, nchi ya Zanj, na Uchina. Nchi ya Zanj ni huku kwetu, Mhariri! Sisi tumo katika habari ya hekalu hilo tangu karibu miaka 1000 iliyopita, na mwandishi wako ameiandika kama kisa cha nchi ya mbali kisichotuhusu.

Sasa hili ndilo lililonikosesha usingizi. Mwaka 1264, miaka 238 baada ya Mahmud, mwenye meli mmoja Mwislamu kutoka Hormuz, bandari ya Uajemi, Nuruddin Firuz, alipata ardhi Somnath, mji ule ule, akajenga msikiti. Hakuuteka mji. Wakubwa wa mji na makuhani wa Shiva walikubali, na jambo likaandikwa juu ya mawe kwa Kisanskriti na kwa Kiarabu. Maandishi ya Kisanskriti yanaanza kwa kumsifu Mwenyezi Mungu kwa majina ambayo Wahindu humwitia Mola wa ulimwengu. Tarehe imewekwa kwa kalenda nne, na ya Hijria imo. Zikatajwa na mali za kuuhudumia msikiti, yakiwemo maduka na kinu cha mafuta, na ziada ikaagizwa ipelekwe Makka na Madina. Wajukuu wa watu waliovunjiwa hekalu waliwakaribisha mabaharia Waislamu wapate pa kusali! Jiwe hilo lipo, limesomwa, limechapishwa, wanahistoria wanalijua. Mwandishi wako hakuona sababu ya kulitaja hata kwa mstari mmoja, lakini nafasi ya kuchora ngamia waliobeba dhahabu ilipatikana.

Sisemi Mahmud afichwe. Alikuja, na jeshi la Alauddin Khalji, sultani wa Delhi, likaja tena 1299. Lakini waliojenga nao watajwe: mfalme Kumarapala 1169, na Ahilyabai Holkar, mwanamke aliyejenga hekalu dogo pembeni 1783, ambalo hadi leo watu wanasali humo. Na ile milango mliyoandika kuwa Waingereza waliirudisha, haikuwa ya Somnath. Lord Ellenborough, gavana mkuu wa Waingereza India, aliitoa kaburini kwa Mahmud 1842 ili kujipatia sifa kwa Wahindu, ikagundulika ni kazi ya Ghazni kwenyewe. Imewekwa ngomeni Agra.

Vitabu vya shule navyo vina kasoro hiyo hiyo. Biashara ya Bahari ya Hindi inafundishwa kama orodha ya sokoni: vitambaa, shanga, pembe za ndovu. Mtoto anamaliza shule bila kujua kwamba waliobeba vitambaa hivyo walikuwa na mahali pa kusali, wakipishana na wenzao wa dini nyingine kwenye gati moja.

Naomba hivi. Ukurasa ule ule wa kati, siku ya Ijumaa, chapisheni maandishi ya 1264 kwa Kiswahili, na chini yake maneno ya Al-Biruni kuhusu Zanj. Wasomi wa Kiarabu tunao tele hapa Unguja, na Kisanskriti muulizeni pandit yeyote wa mahekalu yetu. Herufi ziwe kubwa, zisomeke kutoka dawati la nyuma. Nitanunua nakala za kutosha kila darasa la shule ya mjukuu wangu, na ya kumpa mwalimu wake nitaipeleka mwenyewe.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mji Mkongwe, Unguja