Barua ya wazi kwa binamu yangu anayeamini manatii wameshapona

Binamu,

Ujumbe wako nimeupata, pamoja na vicheko vyake. Unasema mwaka 1991 watafiti wa Florida, Marekani, waliruka na ndege wakahesabu manatii (wale wanyama wakubwa wa majini walao nyasi, jamaa wa nguva) wasiozidi 1,300, na mwaka 2017 wakahesabu 6,620, zaidi ya mara tano. Kwa hiyo kelele za uhifadhi ziishe na vibao vinavyowaamuru wenye boti wapunguze mwendo ving'olewe. Namba zako ni za kweli, sizibishii. Ninachobisha ni maana uliyozipa, na nakujibu hadharani kwa sababu najua hauko peke yako.

Chukua majira mawili ya baridi tu, 2009 na 2010. Ya kwanza walihesabiwa takriban 3,800. Mwaka mmoja baadaye, zaidi ya 5,000. Sasa piga hesabu. Jike la manatii hubeba mimba mwaka mzima au zaidi kidogo, huzaa ndama mmoja (mapacha ni nadra), humlea mwaka mmoja hadi miwili, na kati ya uzazi na uzazi hupita miaka miwili hadi mitano. Mnyama wa namna hiyo hawezi kuongezeka kwa karibu theluthi ndani ya mwaka, hata aombewe dua na kijiji kizima.

Kilichoongezeka ni baridi. Pamoja na unene wake wote, manatii hana tabaka la mafuta la kumkinga kama nyangumi, na mwili wake hutengeneza joto kidogo sana. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hivi za Selsiasi na kubaki hapo, huanza kuugua. Baridi ikikaza hukimbilia chemchemi zenye uvuguvugu na mifereji ya maji yanayotoka kwenye mitambo ya umeme, na huko hujazana. Ndege ikipita juu yao wanahesabika. Msimu ukiwa wa joto hutawanyika, na hesabu inaporomoka ingawa hakuna aliyekufa.

Halafu baridi ileile ya 2010 iliyopandisha hesabu ndiyo iliyoua. Mizoga zaidi ya 700 ilirekodiwa mwaka ule, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla. Aliyesoma sensa peke yake angesherehekea.

Ndiyo maana watafiti wakaja na njia nyingine. Badala ya kufuata makundi, huchagua vipande vya maji kwa bahati nasibu. Ndani ya ndege watazamaji wawili huhesabu kila mmoja kivyake, bila kuambiana. Manatii aliyeonwa na mmoja akakoswa na mwenzake ndiye mwenye faida, kwani kutokana na tofauti hizo hukadiriwa wangapi waliowapita wote wawili. Kisha huongezwa wale waliokuwa wamezama mno wasionekane na yeyote. Kwa njia hiyo makadirio ya 2015 na 2016 yalikuwa 8,810, lakini idadi halisi ingeweza kuwa popote kati ya 7,520 na 10,280. Ya 2021 na 2022 yalikuwa 9,790, kati ya 8,350 na 11,730. Tazama yanavyoingiliana. Kwa namba hizo huwezi kuapa kwamba wameongezeka, wala kwamba wamepungua. Mimi namwamini zaidi mtafiti anayenipa upana kama huo kuliko anayenipa namba moja iliyonyooka.

Na miaka hiyohiyo ya makadirio ya pili ndiyo ya njaa kuu. Mwaka 2021 walikufa karibu 1,100. Katika Indian River Lagoon, mashariki mwa Florida, mbolea na majitaka vililisha mwani mdogomdogo, maji yakawa machafu, mwanga haukufika chini, na zaidi ya nusu ya nyasi za bahari, chakula cha manatii, zikapotea baada ya 2011. Walikondeana wakafa. Serikali, ambayo mwaka 2017 ilikuwa imewashusha daraja kutoka walio hatarini kutoweka hadi walio katika tishio, ilijikuta ikiwamwagia saladi zaidi ya tani 90 kando ya mtambo wa umeme. Jumla inaweza kuonekana nzuri huku chakula cha pwani nzima kimekwisha.

Najua utaniuliza: sasa bila namba ya uhakika utalindaje? Afrika Magharibi na ya Kati wanatujibu. Manatii wa huko, kuanzia Senegali hadi Angola, huishi katika mito na maziwa yenye maji ya tope, ambamo ndege haisaidii sana. Watafiti hutumia sona (chombo kinachotambua vitu majini kwa mwangwi wa sauti), hukagua majani yaliyoliwa ukingoni, na huwauliza wavuvi. Katika Ziwa Ossa, Kamerun, mtafiti Aristide Takoukam Kamla na wenzake walipoona gugu la salvinia linafunika maji, walileta fukusi, wadudu wanaolila. Hawakungoja sensa ikamilike.

Nirudi kwenye vibao vyako. Manatii wengi wa Florida wana makovu ya propela za boti, na watafiti huwapiga picha na kuwatambua mmoja mmoja kwa makovu hayo, wengine kwa miongo kadhaa. Kutokana na picha hizo hupimwa ni manatii waliokomaa wangapi wanaovuka mwaka hadi mwaka, na kwa mnyama anayezaa polepole hivi, uhai wa waliokomaa ndio unaoamua kundi litakua au litapungua. Mwaka 2019 boti ziliua zaidi ya 130. Nyasi zilizopotea zitachukua miaka kuota tena, na mitambo ya zamani ya umeme itafungwa siku moja, nayo itaondoka na maji yake ya uvuguvugu. Mwendo wa boti unaweza kupunguzwa leo, kwa mkono wa nahodha. Vibao vibaki.

Msalimie shangazi.