Nazi Usiikamue

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Ujumbe wako nimemsomea baba yako wote, mpaka pale uliposema umechoka na chakula cha kununua na kwamba wewe na wenzako mmepata jiko la gesi. Umeniomba nikuelekeze wali wa nazi. Nitakuelekeza, lakini si leo. Uko Chennai, mji uliotulisha mimi na baba yako kwa miezi mitatu, na nataka kwanza ujue kupika poriyal, mboga kavu ya huko inayomaliziwa kwa nazi iliyokunwa.

Wakati ule ulikuwa na miaka minne, tulikuacha kwa bibi yako hapa Tanga, huwezi kukumbuka. Baba yako alifanyiwa upasuaji wa moyo. Alipotoka hospitali tulipanga chumba nyuma ya nyumba ya mama mmoja kule Mylapore, si mbali na hekalu la Kapaleeshwarar. Tulimwita Amma, yaani mama. Baba yako alikuwa hali chakula. Alikuwa amepunguziwa chumvi na mafuta, na kila nilichompikia alionja mara moja akakisogeza. Siku moja nikanunua maharage machanga, yale yanayoliwa na ganda lake, nikakuna nazi, nikakamua tui, nikayachemsha humo kama ambavyo ningefanya nyumbani. Yalilainika yakawa rojo. Amma aliona sufuria inarudi vile vile ilivyokwenda. Alinishika mkono akaniingiza jikoni kwake.

Alikuwa na ubao mdogo wa chini, kisu kimesimama juu yake kimepinda kama mundu, na nchani mwa kisu kuna meno ya kukunia nazi. Wanakiita aruvamanai. Alikanyaga ubao kwa mguu, akashika maharage kwa mafungu, akayapitisha kwenye kisu mpaka yakawa vipande vidogo kama punje za mahindi. Halafu akachukua kifuu cha nazi akakizungusha kwenye yale meno. Mimi, kwa mazoea ya mbuzi yetu, nikaona nazi imekunwa nikaanza kuikamua. Amma akanizuia mkono. Hakujua Kiswahili, nami Kitamil sikukijua, lakini nilimwelewa: nazi hii haikamuliwi.

Shika hilo kabla ya mengine yote. Sisi huku tumezoea kuchukua tui, chicha tukawapa kuku. Nazi ya poriyal inaingia nzima, tui lake likiwa ndani, na inaingia mwisho kabisa, chakula kikiwa kimeshaiva. Ukiitia mapema, inakauka na utamu wote unapotea. Na tafadhali, nazi ya pakiti iliyokaushwa usiitumie. Uko kwenye mji wa nazi, nunua nazi.

Robo kilo ya maharage inawatosha watu watatu. Mafuta kijiko kimoja cha chakula, basi. Ya ufuta au ya nazi, yote mazuri. Karai liwe kavu. Mafuta yakipata moto, tia kijiko cha chai cha haradali, zile mbegu nyeusi ndogo, kisha usubiri. Usikoroge, usiondoke. Ndani ya kila mbegu kuna unyevu kidogo, na unyevu ule ukigeuka mvuke mbegu inapasuka. Utazisikia zikitatarika, kwanza mojamoja, halafu zote kwa pamoja kama mvua kwenye bati. Haradali ambayo haikutatarika inaacha uchungu mdomoni, na hakuna kitu cha kuufuta baadaye.

Kelele ikianza kupungua, tia kijiko cha chai cha ulundu, zile choroko nyeusi zilizokobolewa na kupasuliwa, nyeupe ndani. Zikaange mpaka ziwe na rangi ya dhahabu. Hapo ndipo pilipili kavu mbili zilizovunjwa na majani kumi hivi ya karivepilai, majani ya mchuzi. Yafute maji vizuri kabla ya kuyatia, mafuta yasije yakakurukia machoni. Na perungayam, ncha ya kijiko tu. Ukiifungua utaijua kwa harufu, mwanangu: ni mvuje, ule ule aliokufunga bibi yako mkononi ulipokuwa mchanga ili mashetani wasikusogelee. Huko wanauchanganya na unga wakautia kwenye chakula, wanasema unazuia tumbo kujaa gesi. Kazi yote hii ya mwanzo wanaiita thalippu, na haifiki dakika mbili, kwa hiyo kila kitu kiwe tayari mkononi kabla hujawasha moto.

Sasa maharage, chumvi, na maji vijiko vitatu au vinne. Funika, punguza moto, dakika nane hivi. Manjano Amma alitia kwenye kabichi, kwenye maharage hakutia. Funua uonje. Yabaki ya kijani na yalie kidogo kwenye meno. Maji yakaukie hapo hapo kwenye karai, usiyamwage. Kisha nazi, konzi moja, geuza mara mbili, zima.

Ni kitoweo kikavu, kwa hiyo wali wenu utataka mchuzi pembeni, sambar au rasam, hata mtindi. Kwa kabichi, karoti, bamia au ndizi mbichi njia ni hiyo hiyo, dakika tu ndizo zinabadilika. Yule mwenzako wa Kerala atakwambia kwao ni thoran, na nazi wanaisaga kidogo pamoja na pilipili mbichi na bizari nyembamba. Mwache naye apike siku yake. Sitaki kusikia mnabishana, maana ni nzuri kweli, ingawa mimi nitabaki na ya Amma.

Sokoni ukinunua mboga, muuzaji mwanamke aliyekuzidi umri mwite akka, dada mkubwa, na mwanaume mwite anna. Ukimaliza kulipa omba karivepilai. Mara nyingi hukupa kitawi kama nyongeza bila kukudai. Soko la Koyambedu lina bei nafuu lakini ni la jumla, na nyinyi ni watatu tu.

Siku ile nilimpelekea baba yako sahani ya maharage ya Amma na wali kidogo. Alikula akamaliza. Nilikaa kitandani pembeni yake nikimwangalia anavyotafuna, sikuthubutu hata kuzungumza. Kuanzia hapo, kila asubuhi Amma alipoanza kupika, haradali ilisikika ukutani na baba yako alikuwa anaamka mwenyewe anakaa, anasubiri. Bado hawezi kuisikia huku nyumbani bila kuuliza kama chakula kiko karibu.

Kwa hiyo Jumamosi ukipika, nipigie simu kabla ya haradali, uiweke karibu na karai. Si mimi, mimi naipika kila wiki. Ni baba yako anayetaka kusikia kama umesubiri.

Mama yako