Barua kwa Swaleh kuhusu durmiendo

Malindi

Ndugu yangu Swaleh,

Assalaam aleikum. Sisi huku tu wazima, na Bi Zuhura anakusalimu sana.

Karatasi yako ya mtihani wa Kihispania nimeisoma yote, na nimesikitika kusikia kwamba unafikiria kuacha masomo. Nakusihi usiache, kwa maana makosa yako mengi yana chanzo kimoja: Kiitaliano ulichokizoea hapa Malindi kinakuponza. Tazama umbo la kitenzi linaloonyesha kitendo kinaendelea: Mwitaliano huchukua dormire, yaani kulala, akasema dormendo, shina likabaki vilevile. Mhispania hugeuza o ya dormir kuwa u, akasema durmiendo. Kadhalika morir (kufa) huwa muriendo, na pale penye e huja i: pedir (kuomba) huwa pidiendo, servir (kuhudumia) huwa sirviendo.

Athumani amekuagiza ukariri orodha nzima ya vitenzi vinavyogeuka hivi, nami naona anakuchosha bure, kwani jibu unalo tayari katika wakati uliopita, nafsi ya tatu umoja. Chukua pidió (aliomba), durmió (alilala), leyó (alisoma). Ondoa ó ya mwisho, weka endo, nawe utapata pidiendo, durmiendo, leyendo. Ile y ya leyendo imekuja kwa sababu i isiyokazwa haikai katikati ya irabu mbili, na ndiyo hiyo hiyo utakayoiona katika oyendo, cayendo na construyendo.

Hapo ulipoandika vuelviendo ulivuka mpaka. Mageuzi haya ya o na e ni ya vitenzi vinavyoishia na -ir. Volver (kurudi) na perder (kupoteza) hubaki volviendo na perdiendo, isipokuwa poder (kuweza) peke yake, ambacho huwa pudiendo. Vya kukariri ni hicho pamoja na diciendo (ya decir, kusema), viniendo (ya venir, kuja), trayendo (ya traer, kuleta) na yendo (ya ir, kwenda), maana wakati uliopita wa vitenzi hivyo hautakusaidia. Narudia kwa sababu nalijali sana jambo hili: anza na durmió, ndipo uende kwenye durmiendo.

Je, mtihani wa marudio ni lini? Mwalimu amewafundisha wakati uliopita kikamilifu, au ameupitia juu juu? Wageni wa Kihispania unaowatembeza Shela huwa wanakusahihisha unapokosea? Na je, utaweza kuniandikia ukurasa mmoja ukieleza wanachofanya watu gatini asubuhi, kila kitenzi cha -ndo kikitanguliwa na estar, yaani kuwa, unitumie kabla ya Ijumaa nikusahihishie?

Wako katika udugu,
Abubakar