Risala ya kikundi cha mafundi wa mavazi ya kifalme kwa mgeni rasmi, Mji Mkongwe, Unguja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sheha wetu, wazee wetu, mabibi na mabwana, Assalaam alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kukaa nasi chini ya turubai hili.

Kikundi chetu kilianza na akina mama wanne waliokuwa wakishona kofia barazani. Leo tuko kumi na tisa, na hatua tuliyopiga ni kubwa mno. Tumeshona joho kwa kufuata picha za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, na vazi la dada yake, Sayyida Salme, kwa kuangalia picha aliyopigwa Hamburg, Ujerumani, akiwa amevaa nguo za kwao Unguja. Wanafunzi wa skuli wakitoka kuona chumba chake katika makumbusho ya Beit al-Sahel, hupita kwetu kuona nguo ile inavyokatwa.

Mheshimiwa, haja yetu ni moja: mahala pa kuhifadhia.

Familia za hapa mjini zimetuamini na nguo za wazee wao. Joho moja lilikaa sandukuni miaka mingi kwa mkunjo ule ule. Tulipolifungua, hariri ilikuwa imepasuka juu ya mkunjo, utadhani imepitishwa wembe, na zari, yaani nakshi ya nyuzi za madini, ya mabegani imekuwa nyeusi. Aliyelileta alilia mbele yetu. Kafuri tunaweka, udi tunafukiza. Nondo wanakimbia, lakini koga haikimbii, na hewa yetu ya bahari inaila zari kila siku.

Wenzetu wamelitambua hili zamani. Mfalme Gustav II Adolf wa Uswidi aliagiza mwaka 1628 nguo zake za vitani zihifadhiwe, na Stockholm zinaonekana hadi leo. Uingereza kuna mkusanyiko wa mavazi ya kifalme na ya sherehe wenye vitu vipatavyo 10,000. Nguo kongwe hulazwa gizani, na zikionyeshwa, taa hupunguzwa hadi lux 50, kipimo cha mwanga hafifu. Sisi hatuombi kasri. Tunaomba makabati matatu ya droo pana, joho lilale bila kukunjwa, na mashine moja ya kupunguza unyevu.

Kwa heshima kubwa, Mheshimiwa, hii ni mara ya tatu ombi hili linasomwa. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi makabati kabla ya masika. Tukahamisha vyerehani kupisha nafasi, na nafasi ile bado iko wazi. Wa mwaka jana aliondoka na nakala ya risala. Barua zetu mbili hazijajibiwa. Hatulaumu mtu, ila masika yamekaribia tena, na joho lile halitavuka masika mengine sandukuni.

Seremala ameshapima, na hesabu yake tumeiambatanisha. Tutafarijika sana ukitutajia tarehe leo, kabla hujaondoka.

Tunaomba kuwasilisha.