Mieleka ni maigizo, mgongo hauigizi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Arusha, ambaye katika toleo lililopita aliwaita wanamieleka wa kulipwa wa Marekani "matapeli wanaolipwa kwa kuanguka", kisha akawashangaa watu wazima wanaokesha wakiwatazama. Mimi ni mmoja wa watu wazima hao. Nilianza kuwatazama miaka ya tisini katika kibanda umiza kimoja cha Majengo, hapa Moshi, tukiwa tumebanana kwenye mabenchi mbele ya televisheni iliyofungiwa ndani ya nondo, huku mwenye kibanda akitutafsiria Kiingereza ambacho yeye mwenyewe hakukijua.

Kwamba mshindi hupangwa kabla, hilo si siri. Mwaka 1989 kampuni ya mieleka ya Vince McMahon, WWF, ambayo sasa inaitwa WWE, ilikiri mbele ya maseneta wa jimbo la New Jersey kuwa mieleka yake ni burudani, na haikukiri kwa kusutwa na dhamiri, bali ilitaka kuondokana na kodi na usimamizi wa tume ya michezo. Lakini kinachopangwa ni matokeo. Ulingo wenyewe ni mbao zilizolazwa juu ya vyuma, zikafunikwa sponji nyembamba na turubai, na mtu wa kilo 120 anayetua hapo kwa mgongo anatua kwelikweli, kesho akasafiri hadi mji mwingine akatue tena. Mwaka 1998, mjini Pittsburgh, mwanamieleka Mick Foley alitupwa chini kutoka juu ya kizimba cha chuma kilichofunika ulingo, na anguko hilo lilikuwa limepangwa. Alipopanda tena, paa la kizimba likaachia bila kupangwa na mtu, akaanguka mara ya pili na kung'oka jino. Mwaka uliofuata Owen Hart alikuwa akiteremshwa kwa kamba kutoka darini katika ukumbi wa Kansas City, ndoano ikafunguka, akaanguka zaidi ya meta 20 na kufariki dunia. Onyesho liliendelea usiku uleule. Sijui msomaji mwenzangu angeita utapeli wa nani huo.

Tena yupo mmoja anayetuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu. Katika kanda za zamani tulimwona Kamala, "jitu la Uganda", akiingia peku na mkuki mkononi, uso na tumbo vimepakwa rangi, asiyeweza kutamka neno. Pale kibandani wapo waliobishana kuhusu kabila lake, kwa ukali kabisa. Jina lake lilikuwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi, aliyewahi kuishi kwa kuendesha malori, na Kiingereza alikizungumza vizuri sana. Kisukari kilisababisha akatwe miguu yote miwili, mwaka 2011 na 2012, akafariki mwaka 2020. Watazamaji walimjua yule bubu wa mkuki. Dereva wa lori hawakuhitaji kumjua.

Nayasema haya nikiwa nimebeba mizigo ya watalii mlimani kwa miaka kumi na moja. Mpagazi hulipwa kwa safari, na goti likivimba, safari inayofuata anaitwa mwingine, wala mtalii hajui kwamba mpagazi aliyeimba naye getini siku ya kushuka alikuwa amefunga kitambaa chini ya suruali. Nilipokuja kusoma kwamba kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani haiwahesabu wanamieleka wake kuwa waajiriwa bali watu wa mkataba wanaojitegemea, na kwamba hawana chama cha wafanyakazi cha kuwasemea, sikuhitaji kufafanuliwa.

Msomaji mwenzangu ana haki ya kuzima televisheni yake. Ninachomwomba kupitia gazeti lako ni kulifuta neno "matapeli", na akitaka kuliacha, basi alielekeze kwa wale wanaouza tiketi.

Mpagazi mstaafu,
Pasua, Moshi