Ape ya kale na spea za Bajaj: kabla ya injini tuangalie breki

Asalam aleikum wadau, hamjambo nyote. Hii nimeiandika sababu haipiti wiki hapa gereji bila mtu kuja na swali lile lile, "fundi, hii Piaggio yangu ya kale nikiitia injini ya Bajaj itakubali?" na mimi jibu langu ni lile lile, tuangalie breki kwanza. Wengine wanaona kama nawakwepa. Sikwepi, wallahi, ila maelezo yake ni marefu na pale gereji kuna makelele, mwingine anataka kuziba pancha, mwingine ana abiria anamngoja, ndo maana nimekaa chini leo niyaandike yote.

Nianze na mzee mmoja wa Shela, Shela ya hapa Malindi sio ile ya Lamu. Alifanya kazi ya bustani kwa Mtaliano mmoja kule Casuarina miaka mingi, yule bwana aliporudi kwao akamwachia Ape yake, yaani ile tuktuk ya mizigo ya Piaggio ya magurudumu matatu, rangi ya buluu, usukani wake ni kama wa pikipiki na giya unabadilisha kwa mkono wa kushoto, injini tuu stroki (ile ya kuchanganya oili na petroli) ya sisii 150, taa volti 6. Imekaa bandani mpaka kuku wametaga ndani. Tumeisukuma mimi na vijana watatu mpaka gereji, mzee anatembea nyuma ameshika mkono mmoja kwenye bodi. Akanambia, "mwanangu, nataka inibebee nazi kutoka shamba Mambrui, ivuke daraja la Sabaki isinizimikie njiani." Nikamuuliza, ami, na ikifika huku mjini sokoni watu wamejaa, itasimama? Akakaa kimya kidogo akasema, breki zake hata kwa yule bwana zilikuwa za kusukuma mara tatu.

Sasa hapo ndo pa kuanzia.

Lakini kwanza hili swali la spea kuingiliana, maana kuna udugu wa kweli hapa na watu wengi wanaujua nusu nusu. Piaggio walitoa Vespa mwaka 1946, na 1948 yule yule mhandisi wao Corradino D'Ascanio akaitoa Ape, ambayo kwa mwanzo ilikuwa ni Vespa iliyotiwa magurudumu mawili nyuma na sanduku la mizigo. Vespa kwa Kitaliano ni nyigu, Ape ni nyuki, nyuki ndo mfanyakazi. Alafu mwanzoni mwa miaka ya 1960 Bajaj kule India wakaanza kuunda Vespa kwa leseni ya Piaggio, leseni ikaisha 1971, wao wakaendelea na za kwao, Chetak ikatoka 1972 na damu ni ile ile. Tuktuk za Bajaj za zamani zile za tuu stroki, zile za sisii 145 zinazotoa moshi, injini zake zimetoka kwenye ukoo huo huo. Kwa hiyo mtu akikwambia spea za Bajaj zinaingia kwenye Ape hajadanganya, lakini muulize Bajaj ipi. Hizi unazoziona leo stendi ni foo stroki za karibu sisii 200, na TVS King nazo ni hivyo hivyo, huko udugu umeshakatika, injini ni nyengine kabisa, mafuta yake yanakaa sehemu yake na petroli sehemu yake. Mtu akienda dukani akasema tu "nipe ya Bajaj" atapewa ya hizi za sasa, arudi analalamika kwamba fundi kamdanganya.

Na hata ndani ya ukoo mmoja, kuingia ni jambo moja na kufaa ni jambo jengine. Nitoe mfano wa plagi sababu ndio kitu kidogo na kinaua injini haraka. Hizi injini za ukoo wa Vespa zinatumia plagi ya uzi wa milimita 14 na shingo fupi, kama milimita 12.7 hivi. Kuna plagi nyengine ambazo uzi wake ni huo huo milimita 14 lakini shingo ndefu, milimita 19. Utaifunga, itaingia vizuri kabisa, mkono hautasikia tofauti yoyote, alafu piga kiki uone pistoni inavyogonga ile ncha. Nshatoa pistoni yenye shimo la hivyo, mwenyewe alikuwa ameokoa pesa ya plagi.

Kitu chengine ni bolti. Hawa Wataliano walipenda sana bolti ya milimita 7, ile ya spana namba 11. Ukizunguka maduka ya hadhwea hapa mjini utapata ya 6 na ya 8, ya 7 utaitafuta mpaka uchoke. Sasa kijana anakuja na ya 8 anailazimisha kwenye alumini, uzi unakwisha, alafu ile kava inavuja maisha yake yote. Sisi tunaagiza za 7 kwa wingi tunaweka kwenye kopo, na ukija na injini imeshaharibiwa nyuzi tunamkabidhi fundi wa leithi atie bushi yenye uzi mpya, ni kazi ya polepole lakini inashika.

Turudi kwenye breki za mzee. Masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali, ilikuwa imeoza ndani, chumvi hii ya bahari haina huruma, na mpira wake umevimba. Duka moja (silitaji) wakatuuzia masta ya tuktuk nyengine, wakatuhakikishia ni ile ile. Mashimo ya kufungia yalikubali, paipu ikakubali kwa adapta, nikaifunga. Na hapa nasema wazi kosa lilikuwa langu mimi kutopima kabla. Pedali ikawa ngumu kama unakanyaga jiwe, gari inasimama lakini kwa nguvu za kijana, sio za mzee wa miaka sabini na kitu. Nikaifungua nikaweka vania (kile kipimo cha kubana cha milimita), ile ya zamani pistoni yake milimita 19, hii mpya 22. Unaona ni milimita 3 tu lakini breki za mafuta haziangalii upana, zinaangalia eneo, na eneo linakwenda kwa upana kuzidisha kwa wenyewe, 22 mara 22 ni 484, 19 mara 19 ni 361, hiyo ni zaidi ya theluthi nzima. Maana yake mguu unatakiwa usukume theluthi zaidi kupata breki ile ile. Ukifanya kinyume chake, ukatia masta ndogo, pedali inakuwa laini tamu lakini inakwenda chini mpaka sakafuni na mafuta hayatoshi kufungua shuu za breki. Kwa hiyo sasa sheria ya gereji yetu, hakuna masta inayofungwa bila vania kupita kwanza, masta na zile silinda za magurudumuni tunazipima pamoja kama mtu na mkewe. Tulimpatia mzee ya 19, shuu mpya tatu seti, mafuta mapya ya DOT 3, tukatoa hewa mpaka pedali ikakaa juu. Ile ya 22 pesa yake nimeibeba mimi.

Baada ya breki ni umeme na hapa ndo ningemshauri kila mwenye ya kale aweke pesa yake. Volti 6 sio mbaya kwa kuwa ni ya zamani, ubaya wake ni hesabu. Taa ya wati 35 kwa volti 6 inavuta karibu ampia 6, kwa volti 12 inavuta kama 3. Ukishakuwa na waya ya miaka arobaini yenye kutu ya kijani kwenye kila kiungo, kwa ampia 6 nguvu nyingi inapotelea njiani na taa inabaki kama kibatari. Kuipeleka volti 12 njia nzuri kwa ukoo huu ni kuchukua flaiwili, sahani ya koili na siidiai (kisanduku cha elektroniki cha kutoa cheche) za Vespa PX, toleo la baadaye, au ndugu zake, hapo unaagana na platini (ile swichi ya cheche ya kizamani), hutaki tena kupima ule mwanya wa nusu milimita kila mwezi. Lakini angalia koni ya krenki. Flaiwili inakaa kwenye koni na sio zote zina unene mmoja, ikiwa haikukaa sawa sawa usidhani nati itaishikilia, kile kibao kidogo cha kufungia kinakatika na taimingi inahama, injini inapiga kinyume au inakataa kabisa. Tunapaka rangi ya buluu kwenye koni, tunaikalisha, tunaitoa, tunaangalia imegusa wapi. Ikiwa imegusa pembeni tu hatufungi, tunatafuta nyengine.

Na usisahau regyuleta yenye rektifaya ndani. Wengi wanabadilisha balbu na honi wanafikiri wamemaliza, alafu betri haichaji, sababu umeme unaotoka kwenye koili ni ule wa kwenda na kurudi na betri haiujui huo, inataka rektifaya katikati iugeuze uende upande mmoja. Waya tunavuta mpya zote, kila kiungo tunasoda na kupaka grisi. Hapa Malindi ukisokota waya na kuziba kwa selotepu umejipa kazi nyengine baada ya masika.

Magurudumu nitasema kwa ufupi. Vijana wanapenda kutoa rimu za inchi 8 watie za 10, zinapendeza, na kwenye mchanga wa njia ya Mambrui zinasaidia kweli. Moja tuliyopima ilitoka sentimita 41 kimo cha tairi ikaenda 47, karibu asilimia 15. Hiyo asilimia 15 umeipandisha giya zote, kilima inakulemea, klachi inaungua ukiondoka na mzigo, spidi unayoisoma ni ndogo kuliko unayokwenda, na breki nazo zimepungua nguvu pale tairi inapogusa barabara. Mimi mzee nilimwachia za 8, nikamtilia beringi mpya na tairi za 4.00-8 zile zile wanazovaa Bajaj na TVS, zinapatikana kila kona, usiku wa manane ukipasukiwa hukosi mtu wa kukuuzia.

Haya sasa injini. Ikiwa silinda yako inachongeka na krenki haijalegea, kwangu mimi itengeneze hiyo hiyo. Pistoni na ringi za ukoo wa Vespa na Chetak bado zinauzwa, klachi pleti na oili sili pia, lakini uje na yako tuilinganishe sio ununue kwa jina. Ila mafuta ya giya usinitilie yale ya injini ya gari ya kisasa, klachi ya hizi inaogelea ndani ya mafuta na yale yenye utelezi mwingi yanaifanya iteleze. Na kuchanganya petroli, mtu asikudanganye kwamba oili nyingi ndo kuilinda. Nyingi za zamani sana zilitaka asilimia 5 na zaidi, za baadaye zenye oili nzuri ya tuu stroki asilimia 2 inatosha, yaani lita 5 za petroli kwa mililita 100 za oili. Yako ni ipi tunaangalia injini kabla ya kukuandikia kwenye kifuniko cha tangi.

Ukishikilia unataka foo stroki, tunafanya, lakini ujue unachonunua. Injini yenyewe ni sehemu ndogo ya gharama. Kuna viti vya injini vya kuchomelea upya, na chesisi ya kale chuma chake ni chembamba, tunaigonga kwanza na bisibisi sakafu nzima, ikitoboka tunasimama hapo tuongee. Kuna mashafti ambayo urefu hautafanana, kuna kebo za giya, kuna egzosi. Na kuna logbuku, namba ya injini imeandikwa mle, ukibadilisha injini lazima NTSA (mamlaka ya usafiri barabarani hapa Kenya) wajue na bima yako pia ijue, sio siku ya ajali bima wanakuja kulinganisha namba unaanza kujieleza. Injini bila karatasi ya ununuzi hatuifungi, hata ukija na pesa mkononi. Tumepoteza wateja wawili watatu kwa hilo.

Ape ya mzee ilikaa kwetu wiki saba. Spea za kale zilizotoka tulimfungia zote kwenye gunia, masta iliyooza, platini, zile taa za volti 6, sababu ni mali yake na siku moja mjukuu wake ataweza kutaka kuirudisha ilivyokuwa. Siku ya kuijaribu tuliondoka naye alfajiri, yeye kwenye usukani mimi nyuma kwenye sanduku, tukapita daraja la Sabaki taa zinamulika mpaka ng'ambo, na upande wa pili kulikuwa na mbuzi barabarani. Akakanyaga mara moja. Ikasimama, akageuka akanitazama, akasubiri mbuzi wapite wote.

Ukitaka kuja, njoo na logbuku na ile spea ya zamani yenyewe, hata kama imevunjika vipande vipande, usiitupe, picha ya simu haipimiki kwa vania. Kuangalia breki na kugonga chesisi hatulipishi. Tunafungua saa mbili asubuhi, Ijumaa tunafunga adhuhuri na kurudi baada ya swala, na ikiwa breki zako ni za kusukuma mara tatu tafadhali usiiendeshe mpaka hapa, tupigie tuje tuisukume.