Barua kwa Rehema, kabla hujakata tiketi

Rehema mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa bado nimesimama mlangoni na begi begani. Hongera sana, mwenzangu! Kampuni mbili kukujibu kwa mpigo kuhusu mafunzo ya kazini, moja ya Ujerumani na nyingine ya Marekani, si jambo dogo kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Najua ulivyokesha ukiandika zile barua za maombi, na najua ni ngapi hazikujibiwa.

Umeniuliza maswali kumi na mawili, nimeyahesabu. Manne ni ya nguo. Hayo niyamalize hapa hapa: suruali mbili za heshima, viatu ambavyo miguu yako imekwisha kuvizoea, na koti la baridi utalinunua ukifika. Wiki ya kwanza tazama wenzako wanavaaje, ufuate. Swali lenyewe hasa hukuniuliza: Jumatatu hadi Ijumaa utakuwa unafanya nini huko, na nani atakusimamia? Usijilaumu. Hata mimi zamu yangu ilipofika sikuliuliza, ndiyo maana leo nakuandikia kurasa zote hizi.

Unakumbuka nilivyoondoka kwenda Ujerumani kwa mbwembwe. Barua yangu ya kukubaliwa ilisema nitafanya "kazi mbalimbali za idara ya mauzo", nami nikaona ni maneno matamu. Hilo "mbalimbali" lilikuwa limeficha mengi. Wiki tano za mwanzo nilikaa kwenye chumba cha mashine ya kunakili nikiskani ankara za zamani, moja baada ya nyingine, na kuzipa majina: mwaka, mwezi, namba ya mteja. Aliyenikubali alikuwa ameshahama idara, na aliyeshika nafasi yake hakujua mimi ni mgeni wa nani. Watu walikuwa wema, wala sikunyanyaswa, ila nilikuwa nimepanda ndege kwenda kuwa mtunza makabrasha. Wiki ya sita nikajipa moyo, nikamwandikia mkuu wa idara aya tatu: chuo kinataka nijifunze nini, nimefanya nini hadi leo, na naomba nipewe nini. Baada ya siku mbili nikahamishiwa kwa watu wanaopanga bei. Aya zenyewe zilinichukua nusu saa kuziandika.

Kwa hiyo wewe omba mpango wa mafunzo kwa maandishi, sasa, kabla ya tiketi. Si ufidhuli. Kwa upande wa Marekani wala hutahitaji kubembeleza, kwa sababu ukienda kwa viza ya J-1 ya mafunzo, kuna fomu iitwayo DS-7002 ambayo lazima ijazwe: kazi zako awamu kwa awamu, msimamizi wako, na namna utakavyopimwa. Unaisaini wewe, kampuni, na shirika linalokudhamini. Tena kanuni zao zinasema kazi za ukarani zisizidi asilimia 20. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, maana zangu kwa wiki tano zilikuwa asilimia 100. Viza hiyo mwisho wake ni miezi 12, na inataka uwe bado unasoma chuo kilicho nje ya Marekani, au uwe umehitimu ndani ya miezi 12 iliyopita. Kwa hilo uko salama.

Ujerumani mambo yote yananing'inia kwenye jambo moja: mafunzo yako ni ya lazima au ya hiari? Ya lazima, yale yaliyoandikwa kwenye mtaala wako, wao huyaita "Pflichtpraktikum". Hayo hayaguswi na sheria ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza 2015, hivyo kampuni inaweza kukupa posho ndogo, au isikupe kitu. Ya hiari yakizidi miezi mitatu, kima cha chini ni haki yako tangu siku ya kwanza. Usikimbilie kusema yako ni ya hiari ili ulipwe, lakini. Sisi tunaosoma nje ya Umoja wa Ulaya huingia kwa mlango wa mwanafunzi: uwe umemaliza mihula minne, mafunzo yahusiane na masomo yako, yasizidi miezi 12, na wakala wao wa ajira, Bundesagentur für Arbeit, uridhie. Maombi hayo hupelekwa na kampuni, si wewe. Waulize wazi kama wamekwisha kuyapeleka. Mimi nilidhani yanajiendea yenyewe, nikapoteza mwezi mzima nikisubiri kitu ambacho hakikuwa kimeombwa.

Sasa unaona kwa nini barua ya chuo ni nguzo. Usikubali ile barua ya kawaida wanayompa kila anayekwenda fildi, "tunamtambulisha kwenu mwanafunzi wetu, tafadhali mpokeeni". Yako itaje kozi, mwaka na muhula uliofikia, tarehe ya kuanza na kumaliza, na kama mafunzo ni sehemu ya lazima ya shahada. Iwe na saini, muhuri, na cheo cha aliyesaini. Mimi nilirudi ofisini mara tatu kwa ajili ya sentensi moja tu, ile ya "ni sehemu ya lazima". Peleka rasimu uliyoiandika mwenyewe, karani ataishukuru.

Viza na bima sitazichambua sana, maelezo ya ubalozi utayasoma. Ila angalia mambo mawili. Viza fupi ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ya siku 90 ndani ya siku 180, isikudanganye kwa urahisi wake. Mafunzo ya miezi sita hayamo humo, unahitaji viza ya kitaifa, na miadi ya ubalozini inaweza kuwa ya mbali. Pili, bima ya watalii si bima ya mtu anayekwenda kazini. Marekani kwa J-1 wanataka ikulinde kwa angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, na dola 50,000 za kukusafirisha kwa matibabu. Soma maandishi madogo, hasa pale wanapoorodhesha wasiyolipia.

Kuhusu chumba: ukiwa Ujerumani unapaswa kujiandikisha ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili tangu uhamie, na ofisi inataka karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Kuna wenye vyumba wanaokupangisha vizuri tu halafu karatasi hiyo hawataki hata kuisikia. Muulize kabla ya kulipa. Amana wanaruhusiwa kudai hadi kodi ya miezi mitatu, na posho yako ya kwanza itaingia mwisho wa mwezi, si mwanzo. Fanya hesabu hiyo na wazazi mezani, kwa kalamu.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe, maana umeandika "Excel naijua". Nami nilikuwa naijua. Siku ya pili kwa watu wa bei nilipewa orodha ya gharama za usafirishaji niiunganishe na yangu. Kompyuta yangu ilikuwa na mipangilio ya Kiingereza. Wajerumani huandika elfu moja mia mbili na hamsini hivi: 1.250, yaani nukta hutenga maelfu, na sehemu za desimali hutengwa kwa mkato. Nikanakili, nikabandika, na kompyuta yangu ikaisoma nukta kama desimali. Gharama ya euro elfu moja mia mbili na hamsini ikawa euro moja na robo. Si zote, maana zile zilizokuwa chini ya elfu zilibaki sawa, ndiyo maana jedwali halikunishtua. Jumla ilitoka ndogo, faida ikapaa, nikajiona bingwa. Msimamizi wangu, mama mmoja wa makamo asiyepaza sauti, alisogeza kiti, akaweka kidole kwenye mstari wa saba na kuniuliza taratibu, "Kontena zima kwa bei hii? Na mimi nataka moja."

Tangu siku ile hesabu yoyote nikiipata kwanza naitazama kwa macho: inaingia akilini? Na siku ya kwanza ya kazi nabadili mipangilio ya namba na tarehe ilingane na ya wenyeji. Tarehe pia ni mtego. Ukienda Marekani, 04/05 ni tarehe tano Aprili, Ulaya ni tarehe nne Mei. Andika mwezi kwa herufi, utalala usingizi. Jiandae pia kukuta Excel yenyewe inasema Kijerumani. Fomula ya VLOOKUP, ile ya kutafuta kitu ndani ya jedwali, huko ni SVERWEIS, na kati ya vipengele vya fomula wanaweka nukta mkato badala ya mkato. Nilikaa robo saa natafuta fomula yangu ya IF, ile ya "kama", kumbe imebadili jina, inaitwa WENN.

Kingine cha kufanya ukiwa bado nyumbani: soma hesabu za kampuni zako. Kampuni ya Marekani ikiwa imeorodheshwa kwenye soko la hisa, ripoti yake ya mwaka, ile 10-K, iko wazi kwenye EDGAR, hifadhi ya mtandaoni ya serikali yao, bure. Ujerumani kuna rejista ya kampuni, Unternehmensregister, ambako hata kampuni nyingi zisizouza hisa huweka mizania yao. Usizikariri. Tafuta vitu vitatu vinavyokushangaza, kama vile deni lililoongezeka ghafla au soko waliloliacha, uende navyo kama maswali. Mimi mtu wa kwanza kunikumbuka jina pale ofisini ni mhasibu niliyemuuliza kwa nini akiba ya bidhaa ghalani iliongezeka na mauzo yalikuwa yameshuka.

Ukipangiwa usaili mwingine wa mtandaoni, muulize aliyekupangia ni saa ngapi kwa saa za kwao, kisha wewe ndiye uhesabu. Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Usaili wangu uliangukia Jumatatu ya kufuatia ile ya Machi. Nilivaa, nikachana nywele, nikawasha kamera kwa wakati kabisa, kwa hesabu za wiki iliyotangulia, kumbe nimechelewa saa nzima. Walikuwa wamenisubiri, wakakata tamaa, wakaondoka. Walinipa nafasi ya pili kwa huruma tu.

Na ile ripoti ya chuo! Hii usiisahau. Kampuni itakusainisha makubaliano ya kutunza siri, na chuo kitataka ripoti yenye takwimu. Hivyo viwili hugongana mwezi wa mwisho, wakati huna pa kwenda. Wiki ya kwanza muulize msimamizi: takwimu zipi naweza kutumia, nizifiche vipi, nani ataisoma ripoti kabla sijaituma?

Ukichagua Ujerumani, siku ya kuaga utapewa hati ya utumishi, nayo ina lugha yake. Ikisema ulifanya kazi "zu unserer Zufriedenheit", yaani kwa kuridhika kwetu, utafurahi kama nilivyofurahi mimi. Waajiri wa kule wakiisoma hiyo wanaelewa ulipita kwa shida. Iliyo bora ni ndefu: "stets zu unserer vollsten Zufriedenheit". Daima, na kwa kuridhika kukamilifu kabisa. Omba uone rasimu wiki mbili kabla hujaondoka, ungali bado una meza pale. Yangu ilirekebishwa ikapanda ngazi moja kwa sababu niliuliza, na yule mama wa kontena ndiye aliyenisemea.

Umeniomba nikuchagulie kati ya hizo mbili. Sitakuchagulia, lakini nitakuambia ningefanyaje: ningewaandikia wote wawili leo hii zile aya tatu, nikasubiri ni nani atajibu kwa undani. Anayejibu "tutapanga ukifika" ningemwekea alama ya kuuliza kubwa, hata kama mji wake ni mzuri kwenye picha.

Nitumie barua ya Wajerumani kama ilivyo, kurasa zote, na ile ndogo ya nyuma. Nitakusomea Jumamosi, siku hiyo sina kazi. Usisaini kitu kabla ya hapo, tafadhali.

Nisalimie mama, mwambie nimeona alivyoandika pembeni ya barua yako kuhusu sweta. Amesema kweli.

Rafiki yako,
Mwanaidi